Mchezo wa simu ukibadilishwa sura, vijana hulalamikia nini?

Kuanzia vijiwe vya Mbinga mjini hadi ufukwe wa Mbamba Bay, yapo malalamiko ambayo wazazi wengi huyasikia bila kuyaelewa. Kijana aliyekuwa ametulia na simu yake mara hunung'unika kwamba mchezo umeharibiwa. Mzazi hutupia jicho kioo cha simu, akaona uwanja ule ule wa kijani na wachezaji wale wale wa kandanda, akashindwa kabisa kuona kilichoharibika. Huishia kusema, "Kama umeharibika, uache," na mazungumzo hufa hapo hapo.

Makala haya yanakusudia kuyafufua mazungumzo hayo. Ndani ya manung'uniko ya kijana yamo maswali mazito kuhusu mali, muda, fedha na uaminifu, nayo ni maswali ambayo familia ya Kiislamu haipaswi kuyapuuza eti kwa sababu yameanzia katika mchezo.

Siku kandanda ya simu ilipobadilishwa jina

Kisa kinachofahamika zaidi kwa vijana wetu ni cha mchezo wa kandanda wa kampuni ya Konami ya Japani. Kwa miaka ishirini, tangu mwaka 2001, mchezo huo ulijulikana duniani kwa jina la Pro Evolution Soccer, ambalo vijana walilifupisha kuwa PES. Katika vibanda vya gemu vya miji mingi ya Afrika Mashariki, jina hilo lilikuwa kama jina la kandanda yenyewe. Waliokuwa hodari walijua kila kitufe kwa vidole, hata wakifumba macho.

Mwezi Julai 2021, kampuni ilitangaza kuwa jina la PES linafutwa. Mchezo ungeitwa eFootball, ungejengwa juu ya mtambo mpya wa programu, na ungetolewa bure. Tarehe 30 Septemba 2021 ulifunguliwa kwa watumiaji wa kompyuta na mashine za michezo. Yaliyofuata yalikuwa aibu. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilipinda, mpira ulikwenda kwa namna isiyoaminika, timu za kuchagua zilikuwa chache, na mambo mengi ambayo watu waliyazoea hayakuwapo. Katika duka kubwa la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, mchezo huo ulishuka ukawa miongoni mwa michezo iliyopewa alama mbaya kuliko yote katika historia ya duka hilo. Siku moja tu baada ya uzinduzi, kampuni ililazimika kuomba radhi hadharani. Sasisho kubwa lililoahidiwa kwa mwezi Novemba liliahirishwa, likatoka katikati ya Aprili 2022.

Mapema mwezi Juni 2022, zamu ya watumiaji wa simu ikawadia. Toleo walilokuwa wakicheza lilibadilishwa kuwa eFootball, na aliyetaka kuendelea kucheza na wenzake mtandaoni hakuwa na hiari ila kulipokea jipya. Hapa ndipo malalamiko yalipofika kwetu, kwa maana katika wilaya kama Mbinga na Nyasa wengi hawana kompyuta wala mashine ya michezo. Chombo chao ni simu ya mkononi.

Gharama ambayo haionekani mjini

Mkazi wa jiji mwenye intaneti ya waya nyumbani anaweza kuliona badiliko la mchezo kama jambo la kukera tu. Kwa kijana wa Lituhi au Liuli, jambo hilo lina bei. Toleo jipya la mchezo mkubwa hupakuliwa kwa mamia ya megabaiti, na wakati mwingine kwa zaidi ya gigabaiti moja. Data hiyo hununuliwa kwa bando, na bando hununuliwa kwa fedha ya kibarua, ya usipa uliokaushwa, au kwa fedha ambayo mama amempa mtoto kwa mahitaji mengine.

Isitoshe, kipato cha familia nyingi za Mbinga hufuata msimu wa kahawa. Malipo yakishatoka, nyumba huchangamka; miezi ya katikati, kila shilingi huhesabiwa. Sasisho la mchezo halijui msimu wa kahawa. Huja siku iliyopangwa na watu wa mbali, na humwambia mchezaji kwamba hawezi kuingia mpaka alipokee. Mara nyingine simu yenyewe, ikiwa ya zamani, hukosa nafasi au huanza kukwama, na kijana akajikuta amemaliza bando lake ili kununua mchezo ambao sasa haufunguki vizuri.

Mzazi anayesikia kilio hicho na kukiita upuuzi amekosa nafasi ya kumfundisha mwanawe hesabu iliyo wazi. Kitu kinachoitwa cha bure kinaweza kuwa na gharama, na gharama hiyo hulipwa na yule asiye na uwezo wa kuamua lini ilipwe.

Kwa nini kuhamisha kitufe ni jambo kubwa

Bado mzazi anaweza kuuliza: kitufe kikihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kuna msiba gani? Jibu tunalo katika madrasa zetu, bila kulinganisha utukufu wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu na mchezo wa kidunia.

Walimu wa hifdhi humshauri mwanafunzi ashikamane na msahafu wa chapa moja tangu anapoanza mpaka anapomaliza. Msahafu wa Madina unaojulikana sana una kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15, na kurasa zake hukamilika kwa mwisho wa aya. Anayehifadhi humo hakumbuki maneno peke yake. Hukumbuka pia kwamba aya fulani imekaa juu ya ukurasa wa kulia, na nyingine inaanzia chini upande wa kushoto. Mpe msahafu wa chapa nyingine wenye mpangilio tofauti, na maneno ni yale yale, lakini jicho lake litatangatanga likitafuta mahali palipozoeleka.

Ndivyo binadamu alivyoumbwa. Ujuzi unapokomaa hutoka katika fikra ukahamia katika mazoea ya mkono na jicho. Fundi cherehani hatafuti kanyagio kwa macho, na mvuvi hahitaji mwanga ili ajue kasia lake liko wapi katika mtumbwi. Kwa hiyo kampuni inapopanga upya vitufe, menyu na rangi, inamnyang'anya mchezaji ujuzi alioujenga kwa miezi au miaka. Huanza upya akiwa sawa na aliyeingia jana. Hasira yake ina sababu, hata kama kiasi cha hasira hiyo kinahitaji kurekebishwa.

Haki na udhuru wa watengenezaji

Uadilifu unatutaka tuusikilize upande wa pili pia. Si kila badiliko ni dhuluma. Programu huzeeka, simu hubadilika, na mianya ya usalama lazima izibwe. Maandishi madogo hukuzwa ili wenye macho dhaifu wayasome. Mchezo uliotengenezwa kwa kioo kidogo huhitaji kupangwa upya ili ufae kioo kikubwa. Na mara nyingi mpangilio uliolaaniwa katika wiki ya kwanza huzoeleka baada ya mwezi, hata wale waliopiga kelele wakasahau walichokuwa wakikitetea.

Lakini ipo sababu nyingine ambayo haitajwi katika matangazo. Mchezo ulipokuwa ukiuzwa kama bidhaa, kampuni ilipata fedha yake siku ya kuuza. Mchezo unapotolewa bure, kampuni hupata fedha kila mchezaji anapotumia ndani yake, kwa kununua sarafu za mchezo, wachezaji maalumu, mavazi na fursa za muda mfupi. Hapo mpangilio wa kioo hugeuka kuwa mpangilio wa duka. Mlango wa kuingilia huwekwa mbele ya rafu za bidhaa, na uwanja wa kuchezea husogezwa nyuma. Mchezaji anayelalamika kwamba siku hizi hupita madirisha matatu ya matangazo kabla ya kufika uwanjani ameliona jambo hilo kwa usahihi, ingawa pengine hajui jina lake.

Kitufe kilichowatoza watoto

Kwamba jambo hili si dhana tupu, upo ushahidi wa kisheria. Mwezi Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, inayotengeneza mchezo maarufu wa Fortnite, imekubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Dola milioni 275 katika fedha hizo zilihusu kukiuka sheria ya kulinda taarifa za watoto. Dola milioni 245 zilizobaki zilihusu jambo ambalo ndilo tunalolizungumza hapa: namna vitufe vilivyopangwa.

Tume hiyo ilieleza kwamba mpangilio wa vitufe katika mchezo huo ulikuwa wa kutatanisha na usiofuata utaratibu mmoja, kiasi kwamba mchezaji aliweza kutozwa fedha kwa kubonyeza mara moja tu. Mtu aliweza kutozwa alipokuwa akijaribu kuuamsha mchezo uliolala, au wakati kioo kikisubiri kufunguka, au alipogusa kitufe cha jirani wakati nia yake ilikuwa kutazama bidhaa tu. Ilieleza pia kwamba kwa muda watoto waliweza kununua vitu bila idhini ya mzazi mwenye kadi, na kwamba waliodai fedha zao kupitia benki walifungiwa akaunti, wakapoteza hata vile walivyovilipia kihalali.

Mzazi wa Mbinga asiyemiliki kadi ya benki anaweza kudhani kwamba hayo ni ya Marekani. Asijidanganye. Fedha za simu zimeingia katika kila nyumba, na njia za kuziunganisha na manunuzi ya mtandaoni zinaongezeka. Simu moja hutumiwa na baba kwa kupokea malipo, na mama kwa kuzungumza na ndugu zake, kisha usiku hushikwa na mtoto kwa mchezo. Kidole cha mtoto na mfuko wa baba vimetenganishwa na kitufe kimoja.

Sanduku lisilojulikana lililomo

Katika mpangilio huu mpya wa michezo, kuna jambo moja ambalo Muislamu hawezi kulipita kimya. Michezo mingi humuuzia mchezaji kisanduku au droo asiyojua iliyomo. Hulipa kwanza, kisha huzungushiwa picha na milio ya kusisimua, ndipo aonyeshwe alichopata. Pengine ni mchezaji nyota aliyemtamani. Mara nyingi ni kitu duni ambacho tayari anacho. Hujaribu tena.

Nchi kadhaa zimeliona hilo. Mwaka 2012, serikali ya Japani iliupiga marufuku mtindo mmoja wa droo hizo, ule uliomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya bahati nasibu ili apate tuzo kubwa. Mwezi Aprili 2018, tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya aina hiyo katika baadhi ya michezo mashuhuri ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA iliacha kuuza huko sarafu za mchezo wake wa FIFA.

Sisi tulikwishaonywa kabla ya hapo. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, kamari imetajwa pamoja na ulevi, na ikabainishwa kwamba huzaa uadui na humzuia mtu na kumkumbuka Mola wake na kuswali. Mzazi mwenye shaka kuhusu mchezo fulani na aende kwa mwanazuoni anayemwamini, amweleze kwa usahihi namna droo hiyo inavyofanya kazi. Lakini asingoje jibu ndipo amkataze mwanawe kutoa fedha kwa kitu asichokijua.

Wachezaji waliopewa sauti

Je, lazima iwe hivi? Upo mfano unaoonyesha kwamba siyo lazima. Kampuni ya Jagex ya mjini Cambridge, Uingereza, ina mchezo wa mtandaoni uitwao RuneScape. Mwezi Novemba 2012 iliubadilisha mno mfumo wake wa mapigano, pamoja na vitufe na vidirisha vilivyohusika. Wachezaji wengi walikasirika, na wengi waliondoka.

Kampuni ilifanya jambo lisilo la kawaida. Ilikuwa na nakala ya mchezo huo kama ulivyokuwa mwaka 2007, ikawauliza wachezaji kwa kura kama wanataka ifunguliwe. Zikapigwa kura zaidi ya 400,000. Mwezi Februari 2013 mchezo wa zamani ukafunguliwa upya, ukaitwa Old School RuneScape, nao unachezwa hadi leo. Muhimu zaidi ni utaratibu uliofuata. Mambo mapya yaliyopendekezwa yalipelekwa kwanza kwa wachezaji wenyewe, na kwa miaka mingi hayakuingizwa mpaka yaungwe mkono na asilimia 75 ya waliopiga kura; baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 70.

Muislamu akisoma habari hiyo hukumbuka neno alilolizoea: shura. Kushauriana na wale ambao uamuzi utawagusa huleta utulivu hata kwa wale ambao rai yao haikushinda, kwa sababu wamesikilizwa.

Mfano mwingine tunao barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila upande una shimo lake kubwa liitwalo nyumba. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Malawi, ndugu zetu nao wana mchezo wao wa jamii hiyo na huuita bawo. Hakuna mchezaji wa bao anayeamka asubuhi akakuta nyumba imehamishwa usiku na mtu asiyemfahamu. Ubao ni wa wanaocheza, kanuni zinajulikana na wote, na mkiafikiana kuchezea ardhini mnachimba mashimo, mnatafuta kete, mnacheza. Hicho ndicho kijana asichokuwa nacho katika simu. Aliudhani mchezo ni wake, kikosi ni chake, sarafu ni zake. Siku ulipobadilishwa ndipo alipogundua kwamba alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba hakumpa hata notisi.

Nini kifanyike nyumbani

Ndugu mzazi, kijana wako anapolalamika, anza kwa kumsikiliza. Mwambie akuonyeshe: zamani ulikuwaje, sasa ukoje, na kipi kilichomuudhi. Dakika kumi za kusikiliza zitakupa ufahamu wa mambo anayoyafanya katika simu kuliko mwezi mzima wa kumfokea. Kisha muulizeni mchezo huo maswali matatu, mkiwa pamoja. Vitufe vikubwa na vyenye kung'aa kuliko vyote vinampeleka mtu wapi, uwanjani au dukani? Kuna kitu kinachouzwa bila kujulikana kilichomo? Na ukiacha kucheza leo, ni nini kitakachobaki mkononi mwako?

Baada ya hapo yapo ya kutenda. Weka nywila katika duka la programu ili ununuzi wowote uhitaji idhini yako. Usihifadhi taarifa za kadi au za akaunti ya fedha katika simu inayoshikwa na mtoto, na namba yako ya siri ya fedha za simu isijulikane na mwingine. Zima usasishaji wa moja kwa moja wa programu, ili bando lisiliwe usiku watu wamelala. Mchezo ukidai toleo jipya, mfundishe kijana asubiri siku kadhaa, asikilize waliotangulia wanasemaje, ndipo aamue kama unastahili fedha yake.

Lipo pia la muda. Mtume wetu (s.a.w.) alitutanabahisha kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Mchezo wenye mwisho, kama mechi ya jioni uwanjani, hurudisha mtu nyumbani magharibi. Mchezo wa mtandaoni hauna kipenga cha mwisho. Hicho kitapulizwa na familia. Na kanuni za nyumbani nazo zisibadilishwe ghafla bila mashauriano, kwa maana mzazi anayepokonya simu leo na kuirudisha kesho bila maelezo anafanya yale yale ambayo mwanawe anailalamikia kampuni. Kaeni baada ya swala ya isha, mkubaliane saa za mchezo na sababu zake, na ninyi wakubwa muwe wa kwanza kuyaheshimu makubaliano hayo.

Na kwa vijana wenyewe lipo neno. Hasira yenu ni dalili kwamba mnaweza kutambua kitu kilichotengenezwa vizuri na kilichoharibiwa. Msiimalize katika matusi mtandaoni. Utengenezaji wa programu ni fani, na mpangaji wa vitufe ni mtu aliyejifunza kama ninyi mnavyoweza kujifunza. Anayejua kwa vidole vyake kwa nini mpangilio fulani unamchosha mtu tayari amekwisha kuanza somo. Huenda kesho akapanga kioo cha programu ya kuuzia kahawa ya Mbinga, au ya kuwatahadharisha wavuvi wa Nyasa juu ya upepo, akakumbuka kuwauliza watumiaji kabla ya kuhamisha kitufe chao.